Kale kanyota ka WhatsApp: ugomvi wa maandishi matupu na maandishi ya mapambo

Chukueni telefone, ingieni katika grupu ya promo. Andika neno moja, weka kanyota mbele na kanyota nyuma, namna hii: *kesho*. Ukituma, neno linatoka nene. Ukiweka kamustari ka chini pande zote mbili, _kesho_, linatoka likiwa limeinama. WhatsApp ilituletea hiyo mwaka 2016, na wengi kati yetu wanafikiri ni ufundi wa WhatsApp. Hapana. Kale kanyota kanazidi umri wa wengi wanaosoma hapa, na kalikulia katika ugomvi: upande mmoja watu waliosema barua pepe ibaki maandishi matupu, upande mwingine watu waliotaka iwe na rangi, picha na herufi za kila ukubwa. Nataka nieleze ule ugomvi, juu ulitugusa na sisi huku, hata kama hakuna mtu aliyetualika.

Mwanzo wake nitaupita mbio. Mwaka 1971 Ray Tomlinson, fundi wa kampuni ya BBN huko Cambridge, Massachusetts, alituma ujumbe kutoka ordinatere moja mpaka ingine kupitia rezo ya ARPANET. Yeye njo alichagua alama ya @ kutenganisha jina la mtu na jina la mashini. Ule ujumbe ulikuwa herufi tu. Haungeweza kuwa kitu kingine, juu mashini zenyewe hazikupelekeana kitu kingine, na zile herufi zilikuwa za kuhesabika.

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa njo kuko mzizi wa mambo. Ordinatere haijui herufi, inajua namba. Kwa hiyo lazima watu wakubaliane: namba hii ni A, namba hii ni B. Wamarekani walitoa jedwali lao mwaka 1963, wakaliita ASCII, na mwaka 1967 wakaongeza herufi ndogo. Jedwali lina nafasi 128. Ukitoa zile za kuamuru mashini, zinabaki 95 za kuandika: A mpaka Z kubwa na ndogo, tarakimu, nukta, mkato, mabano, nafasi tupu, kanyota. Basi. É haiko. È haiko. Ç haiko. Waliolitengeneza waliandika Kiingereza, na Kiingereza hakihitaji aksan.

Kiswahili kilipona. Hii inanichekesha kila mara ninapoifikiria. Watu wa ile kamati ya lugha iliyoanza mwaka 1930 huko Afrika ya Mashariki, walipokuwa wanasawazisha Kiswahili cha shule na vitabu, hawakuwaza ordinatere hata kidogo, lakini tahajia waliyotuachia inaingia yote katika ASCII bila kubaki nje herufi moja. Hata ng' inatumia kakoma ka juu ambako kako mule. Kama tungeendelea kuandika kwa herufi za Kiarabu, namna watu wa pwani walivyoandika kwa karne nyingi, mlango ungefungwa. Kwa Lingala ulifungwa nusu: ɛ na ɔ zilibaki nje. Kwa Kifaransa, ambacho njo tunaandikia TFC na memware, mambo yalikuwa mabaya sana.

Sikieni namna gani. Mwezi wa 8 mwaka 1982 zilitoka sheria mbili za barua pepe. RFC 821, iliyoandikwa na Jon Postel, ilieleza namna seva moja inampokeza mwenzake barua. RFC 822 ya David Crocker ilieleza barua yenyewe inafanana namna gani. Zote mbili zilikubali ASCII tu, biti 7 kwa kila herufi. Sasa Wafaransa na wenzao wa Ulaya walikuwa na jedwali lao, Latin-1, la biti 8, ambamo é iko na namba 233. Barua yenye é ikipita katika seva inayojua biti 7 tu, ile seva ilikata biti ya nane bila kuuliza mtu. 233 ukitoa 128 inabaki 105. Na 105 katika ASCII ni i. Kwa hiyo « été » ilifika « iti ». Nayo ç ilikuwa 231, ikawa 103, ambayo ni g: « français » ikafika « frangais ». Dada anayeitwa Félicité anasaini barua yake vizuri, huko inakofika anaitwa Filiciti. Mtu anaweza kucheka, lakini fikiria hilo jina liko katika fomu ya bursi.

Turudi kwa wale wa maandishi matupu. Kwao ule ufinyu ulikuwa hewa ya kawaida, na ndani yake walijenga desturi nzuri. Kioo cha zamani, kama kile cha VT100 cha mwaka 1978, kilionyesha mistari 24 na kila mstari nafasi 80. Na hizo 80 zenyewe zilirithiwa kutoka kwa kadi za matundu za IBM za mwaka 1928! Basi wakazoea kukata mstari kabla haujafika ukingoni, mara nyingi kwenye herufi 72, ili kubaki nafasi ya alama ya > wakati mtu anajibu. Kila jibu liliongeza > moja mbele ya maneno ya mwenzako. Ukihesabu alama unajua nani alisema nini. Hawakuwa na herufi nene, wakaweka kanyota. Hawakuwa na mstari wa chini wa kweli, wakaweka kamustari kila upande. Hawakuwa na uso wa kuonyesha kwamba wanatania, na tarehe 19 mwezi wa 9 mwaka 1982 Scott Fahlman wa Carnegie Mellon akapendekeza :-) iwe alama ya utani. Mwezi wa 10 mwaka 1995 desturi hizi ziliandikwa katika RFC 1855, kazi ya Sally Hambridge wa Intel: mstari usizidi herufi 65, saini isizidi mistari 4, na kuandika kwa herufi kubwa tupu ni sawa na kupiga kelele. Wale wanaotuma ujumbe wote kwa herufi kubwa katika grupu za familia wajue kwamba kosa lao liliandikwa zamani.

Hiyo adabu ilikomazwa mahali pamoja zaidi ya pengine: katika listi za barua za watu wenye kupenda kitu kimoja. Listi ni jambo rahisi, anwani moja, ukiiandikia barua inafikia wote waliojiandikisha. Mojawapo ya zile za kwanza kabisa, SF-LOVERS, ilianza mwaka 1979 kwenye ARPANET, rezo iliyolipiwa na wizara ya ulinzi ya Marekani, na watu wake walikuwa wanajadili hadithi za kubuni za sayansi. Serikali inalipa, wasomi wanabishana juu ya vyombo vya anga. Mwaka 1986 Éric Thomas, mwanafunzi wa Paris, akaandika programu ya LISTSERV iliyoendesha listi bila mtu kukaa akishughulikia majina kwa mkono. Nasema mwanafunzi, mmesikia.

Kwa nini listi iliogopa mapambo kuliko barua ya mtu na mtu? Juu ya hesabu. Ukimwandikia rafiki yako barua nzito, umemchokoza yeye peke yake. Ukiiandikia listi ya watu 500, ule uzito unalipwa mara 500, na kila mtu analipa kwa mfuko wake. Na wakati ule watu walilipa kweli. Kuko rezo iliyoitwa FidoNet, ambayo Tom Jennings aliianza mwaka 1984 huko San Francisco: ordinatere moja inapigia ingine simu usiku, wakati bei inashuka, zinapeana barua halafu zinakata. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 hiyo njo njia mashirika mengi ya Afrika yalipata barua pepe. Ordinatere ya GreenNet huko London ilipokezana barua na mashini za Nairobi na miji mingine kwa simu. Kila dakika ya simu ya kimataifa ilihesabiwa. Katika hali hiyo, mtu anayekutumia barua yenye rangi ya zambarau anakula pesa yako. Sisi tunaonunua mega kwa siku, au kwa saa, tunaelewa hii bila kuchorewa.

Mapatano yalikuja mwaka 1992, na kwa maoni yangu yalikuwa mapatano ya akili kuliko vita vyote vilivyofuata. Nathaniel Borenstein wa Bellcore na Ned Freed walitoa MIME. Mwezi wa 3 mwaka ule Borenstein alituma barua yenye picha na sauti ndani yake, ya kikundi cha waimbaji wanne, naye mmoja wao, kilichojiita Telephone Chords. Wazo la MIME ni hili: njia za zamani tusizibomoe, tufunge mzigo mpya katika kitambaa cha zamani. Picha inageuzwa kuwa herufi za ASCII kwa hesabu inayoitwa base64, hata kama inaongezeka uzito karibu theluthi moja. Ile é inaandikwa =E9, inapita katika seva za biti 7 salama, na mbele kule programu inairudisha kuwa é. Félicité akapata jina lake.

Na ndani ya MIME kuko kitu kingine ambacho watu wachache wanakijua ingawa wanakituma kila siku. Barua moja inaweza kubeba maneno yaleyale mara mbili: kwanza kwa maandishi matupu, halafu kwa maandishi yaliyopambwa. Programu ya mpokeaji inachagua ile inayoweza. Mwenye mashini ya zamani anasoma matupu, mwenye mashini mpya anaona mapambo. Hakuna anayefukuzwa.

Sasa kama dawa ilipatikana mwaka 1992, kwa nini watu waligombana tena, na kwa ukali, kuanzia 1997? Juu kuko watu wengine waliingia. Tim Berners-Lee alikuwa amebuni HTML huko CERN kwa ajili ya kurasa za wavuti. Netscape na Microsoft, katika vita vyao, wakaona barua nayo ifanane na ukurasa. Mwaka 1997 ilitoka Netscape Communicator, ikatoka na Outlook Express pamoja na Internet Explorer 4. Mtu aliandika « Asante, nitakuja kesho », herufi 22, na programu ikaivisha mavazi ya HTML mara nyingi kupita maneno yenyewe: jina la herufi, ukubwa, rangi nyeusi (kama vile bila kuambiwa tungeona kijani). Naye hakuomba. Alikuta programu imeshachagua kwa niaba yake. Watu wanasema HTML ilishinda juu ilipendwa zaidi. Mimi sikubali. Kitu ambacho mtu anakikuta kimewashwa tayari hakijashindana na kitu.

Katika listi ilikuwa vurugu. Wenye programu za zamani waliona maneno yamezama kati ya alama za < na >. Wale waliopokea listi kwa muhtasari, barua zote za siku zikiwa zimebandikwa pamoja, walipata supu. Mwaka 1998 kikaanza kampeni ya utepe wa ASCII: watu walichora utepe kwa mikwaju na herufi mwishoni mwa barua zao, kama ule utepe wa SIDA, kukataa barua za HTML. Mzaha ule ulikuwa mkali, na sioni kama ulikuwa wa heshima kwa wagonjwa.

Lakini hofu yao haikuwa ya bure. Mwezi wa 11 mwaka 1999 kilitokea kirusi kilichoitwa BubbleBoy. Mbele ya hapo tulifundishwa kwamba ukiacha kufungua kiambatisho uko salama. BubbleBoy hakikuhitaji kiambatisho: kilikaa ndani ya HTML ya barua yenyewe, na kwa Outlook Express ilitosha barua ionekane kwenye kioo. Halafu kuko kale kapicha ka nukta moja kwa moja, kasikoonekana kwa macho. Ukifungua barua, programu yako inakwenda kukachukua kwenye seva ya mtumaji, na hapo hapo mtumaji anajua saa uliyofungua. Maandishi matupu hayawezi kufanya hivyo. Biashara ya matangazo ilipenda HTML kwa sababu hiyo pia, si kwa uzuri wa rangi peke yake.

Hapa lazima niwe wa haki, juu mpaka sasa nimewapendelea wale wa zamani. Wengi kati yao waliposema « matupu » walimaanisha ASCII, na waliposema ASCII walimaanisha Kiingereza. Mtu wa Kinshasa au wa Beirut akilalamika kwamba lugha yake haipiti, aliambiwa aandike bila aksan. Walikuwa na kiburi pia: mgeni anaingia katika listi ya radio au ya maua, anauliza swali lake la kweli, majibu kumi yanakuja na yote kumi yanahusu namna alivyoituma barua. Hakuna aliyemjibu swali. Ukisoma vile, unaelewa kwa nini watu walikimbilia mahali pengine.

Na ile hoja ya aksan, kwa kweli, ilikuwa imeshapata jibu bila HTML. Mwezi wa 9 mwaka 1992 Ken Thompson na Rob Pike walibuni UTF-8. Inaacha ASCII ilivyo, halafu inatumia baiti mbili, tatu au nne kwa herufi zingine za dunia. É ni baiti mbili. ɛ na ɔ za Lingala, baiti mbili kila moja. Kiarabu cha wazee wa pwani, kimo. Wakati unapoona « Ã© » mahali pa é, mara nyingi ni baiti hizo mbili za UTF-8 ambazo programu fulani imezisoma moja moja kama Latin-1. Hakuna kilichopotea, kuko tu aliyesoma kwa jedwali lisilo lake. Leo maandishi matupu yanaweza kubeba lugha zetu zote, na hilo watu wa mwaka 1982 hawakuweza kulisema.

Kwa nini ninapoteza mega zenu kwa haya? Mwaka juzi shirika moja lilituma tangazo la staji kwa vijana wenye kumaliza masomo. Barua nzima ilikuwa picha moja, nzuri, na nembo na watu wanaocheka. Tarehe ya mwisho ilikuwa ndani ya picha. Waliokuwa na rezo nzuri waliisoma. Wengine katika promo yetu waliona kisanduku cheupe na kamsalaba, wakafikiri ni matangazo ya biashara. Kuko mwenzetu mmoja asiyeona, telefone yake inamsomea barua kwa sauti. Ilimsomea neno moja, « image », ikanyamaza. Alikuwa na alama za kutosha kwa ile kazi. Alijua habari kupitia mimi siku tatu baadaye, na mlango ulikuwa umefungwa. Kama wangeweka mistari mitano ya maandishi chini ya picha, au ile sehemu ya matupu ambayo MIME iliwapa tangu 1992, asingemhitaji mtu.

Wale wa zamani hawakuisha. Listi ya wanaotengeneza kiini cha Linux, ile kazi ambayo Linus Torvalds aliitangaza kutoka Helsinki mwezi wa 8 mwaka 1991, mpaka leo inarudisha barua ya HTML nyuma, haifiki kwa watu. Sababu yao ni ya kazi: wanatumiana vipande vya programu ndani ya barua, na nafasi moja ikihama kipande kinaharibika. Kama uko katika informatique na unataka kuchangia kule, hicho njo kizingiti cha kwanza, na kuzidi kujua lugha ya C hakutakusaidia kukivuka.

Na kale kanyota? Mwaka 2004 John Gruber, akisaidiwa na Aaron Swartz, alitoa Markdown, namna ya kuandika kwa maandishi matupu halafu programu inayapamba yenyewe. Gruber alisema wazi kwamba alichota zaidi katika desturi za barua pepe za maandishi matupu. Kutoka zile barua, desturi ilienea katika programu nyingi za kuandikiana, na mwaka 2016 ikafika mkononi mwetu. Kumbe waliochekwa kama wazee wanaoandika kwa mashini ya chapa, tunaandika kwa mkono wao kila asubuhi.

Mwenye Gmail kwenye ordinatere anaweza kuyaona haya yote kwa dakika mbili. Ukiandika barua, bonyeza nukta tatu za chini, utaona « Mode texte brut ». Ukiiwasha, mapambo yanakwisha na é inabaki. Halafu fungua barua yoyote uliyopokea, bonyeza nukta tatu za juu, chagua « Afficher l'original ». Utaona barua namna seva zinavyoiona: tafuta maneno multipart/alternative, na chini yake maneno yaleyale mara mbili, text/plain kwanza, text/html halafu. Kama jina lako liko na aksan, litafute mule pia. Mara nyingi é yako utaikuta imeandikwa =C3=A9.